Dawa Moja, Maini Tofauti

Mhariri wa jarida hili aliniomba niandike somo la sayansi kwa Kiswahili, tena akanionya nisikimbilie Kiingereza kila neno linapokuwa gumu. Nimekubali. Swali nililochagua ni hili: kwa nini watu wawili wenye ugonjwa mmoja, wakimeza dawa moja kwa kipimo kimoja, mmoja wao hupona bila matata na mwenzake huteswa na dawa yenyewe? Na je, kabila la mtu linahusika?

Swali hilo tunalo hapa hapa Matete. Kila malaria inapobisha hodi bwenini utasikia mmoja akijigamba, "Sisi Wakabras damu yetu nzito, vidonge viwili tu nimesimama!" Mtachoni naye hujibu kwamba kwao hata hivyo viwili havihitajiki. Halafu hutokea msomi mmoja pembeni akasema dawa zote zilitengenezewa Wazungu, eti ndiyo sababu zinatuzungusha kichwa. Kicheko hufuata, taa huzimwa, na watu hulala. Mimi nimetafuta majibu, na nimegundua kwamba katika porojo hizo mna chembe ya ukweli, ila imepandwa mahali pasipo pake.

Tuanze na ini. Kidonge kikishayeyuka tumboni, dawa huingia katika damu, na damu hiyo hupitia kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini. Mwili huiona dawa kama mgeni ambaye hakualikwa, hivyo hutafuta namna ya kumtoa. Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya, ambavyo darasani wengi wetu tunaviita enzaimu. Huivunja dawa au kuibadilisha umbo ili iweze kutoka, mara nyingi kwa mkojo. Majina ya vimeng'enya vya ini yanafanana na namba za matatu: CYP2B6, CYP2D6, NAT2. Msitishwe nayo, yatazoeleka.

Maagizo ya kutengeneza kila kimeng'enya yameandikwa katika jeni, na kila mmoja wetu ana nakala mbili za jeni hizo, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Herufi moja tu ya maandishi hayo ikibadilika, kimeng'enya kinaweza kutoka dhaifu, au kisitengenezwe kabisa. Pengine jeni yenyewe hujirudia, mtu akawa na nakala tatu au zaidi, na kazi ikafanywa mbio kupita kiasi. Mwenye kimeng'enya cha polepole akinywa dozi ya kawaida, dawa hurundikana mwilini kama malori kwenye mizani ya Webuye siku ambayo mkaguzi ni mmoja. Mwenye kimeng'enya cha mbio, dawa humtoka kabla haijamaliza kazi. Kipimo ni kile kile, kidonge ni kile kile. Tofauti iko ndani.

Mfano wa kwanza ni isoniazidi, dawa ya kifua kikuu iliyoanza kutumika mwaka wa 1952. Ilikuwa dawa ya ajabu, tena rahisi kwa bei, na mpaka leo ni mojawapo ya dawa kuu za TB. Lakini baadhi ya wagonjwa walianza kulalamika kwamba nyayo zinawaka moto, vidole vinakufa ganzi, kutembea ni kama kukanyaga sindano. Wengine walikunywa dawa ile ile miezi kwa miezi bila tatizo. Mwaka wa 1960, D. A. Price Evans na wenzake walichapisha uchunguzi muhimu. Waliwapa watu isoniazidi, wakangoja saa 6, kisha wakapima kiasi kilichosalia katika damu. Ukipima urefu wa wanafunzi wa shule nzima utapata wafupi wachache, warefu wachache, na wengi wa katikati. Matokeo ya isoniazidi hayakupangika hivyo. Yaligawanyika mafungu mawili, wa haraka na wa polepole. Walipochunguza familia, waliona kwamba jambo hilo linarithiwa. Kimeng'enya kinachohusika ndicho NAT2.

Sasa tazameni jambo ambalo lilinishangaza. Katika Ulaya, takribani nusu ya watu ni wa polepole. Hapa Afrika Mashariki pia, takribani nusu. Kule Japani ni kama mtu 1 tu kati ya 10. Kwa hiyo ukitaka kupanga mataifa kwa kigezo cha isoniazidi, Mluhya na Mwingereza watakaa benchi moja, na Mjapani atakaa benchi jingine. Yule msomi wetu wa bwenini anayegawanya dunia kuwa dawa za Wazungu na damu za Waafrika, hapa atanyamaza kidogo.

Dawa ya zile nyayo zinazowaka ilipatikana, nayo haihitaji kumpima mtu jeni. Isoniazidi huvuruga vitamini B6 mwilini, na ukimpa mgonjwa B6 mishipa yake ya fahamu hulindwa. Ndiyo sababu hapa Kenya anayetumia isoniazidi hupewa pia kidonge kidogo cha B6, na mwongozo wa taifa wa TB unaagiza hivyo. Wapo wanaokiacha wakidhani ni cha ziada tu, kama maua juu ya meza. Kumbe ndicho kinachomwezesha mtu wa polepole kuvumilia miezi 6 ya matibabu bila kukata tamaa. Na mgonjwa wa TB akikata tamaa, ugonjwa hurudi, tena huenda ukarudi na usugu.

Mfano wa pili ni mzito zaidi, kwa kuwa umewagusa watu wengi katika nchi yetu. Ni dawa ya kupambana na virusi vya UKIMWI iitwayo efavirenzi. Iliidhinishwa Marekani mwaka wa 1998 kwa kipimo cha miligramu 600 kwa siku. Ikaja kwetu na kipimo hicho hicho, na kwa miaka mingi mamilioni ya Waafrika waliimeza kila usiku. Iliokoa maisha, hilo halina ubishi. Lakini ilikuwa na kisirani chake. Wengine walipatwa na kizunguzungu, ndoto za ajabu, hofu isiyo na sababu, hata huzuni nzito. Jamani, fikirieni mtu wa kijijini anayeanza kuota majinamizi mwezi ule ule alioanza dawa. Atamwambia nani? Huenda akaona amerogwa, au amepandwa na mashetani, akatupa vidonge chooni. Virusi navyo havingoji.

Efavirenzi huvunjwa hasa na kimeng'enya CYP2B6. Kuna badiliko moja la jeni hiyo ambalo hukifanya kimeng'enya kuwa goigoi. Katika Ulaya, kama robo ya nakala zote za jeni hii zina badiliko hilo. Katika sehemu nyingi za Afrika ni zaidi ya theluthi, na kwa wagonjwa waliochunguzwa Zimbabwe, katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2008 ambao Collen Masimirembwa alishiriki, ilikaribia nusu. Wanasayansi hao walionyesha kwamba kwa wenye nakala mbili za badiliko hilo dozi ya 600 ingeweza kupunguzwa. Baadaye, mwaka wa 2014, uchunguzi uliofanywa katika nchi kadhaa za Afrika, Asia na kwingineko, wenye washiriki zaidi ya 600, ulionyesha kwamba miligramu 400 hudhibiti virusi sawasawa na 600. Hapa ndipo ninapoona uchungu. Kwa miaka mingi tulikuwa tukimeza kipimo ambacho theluthi yake ilikuwa ya ziada, kwa sababu kipimo kilipangwa mbali na wengi wa wale waliokuja kukitumia. Kenya ilianza kuleta dawa nyingine, dolutegraviri, mwaka wa 2017, na taratibu efavirenzi ikaachwa kuwa chaguo la kwanza.

Basi hapo mtu ataruka na kusema: umeona? Kabila lina maana! Ngoja kwanza, mwenzangu. Chukua karatasi tupige hesabu, si lazima iwe ngumu.

Tuseme katika kijiji fulani, nakala 40 kati ya kila 100 za jeni ya CYP2B6 ni za goigoi. Kila mtoto huchota nakala moja kwa baba na moja kwa mama. Uwezekano wa kuchota mbili goigoi ni 0.4 mara 0.4, yaani 0.16. Kwa hiyo katika watu 100, takribani 16 watakuwa na goigoi mbili, nao ndio watakaosumbuliwa zaidi na efavirenzi. Wasio na goigoi hata moja ni 0.6 mara 0.6, yaani 36. Waliobaki, 48, wana moja moja. Sasa rudia hesabu kwa nchi ya Ulaya yenye nakala 25 kati ya 100. Utapata watu 6 kati ya 100 wenye goigoi mbili, na 56 wasio na hata moja.

Hesabu hiyo inasema mambo mawili kwa pamoja. Waziri wa afya anayewanunulia dawa watu milioni moja ana haki ya kujali tofauti ya 16 na 6, kwa maana kwake ni watu 160,000 dhidi ya 60,000. Lakini daktari aliyekaa na mgonjwa mmoja mbele yake, akijua kabila lake tu, hajajua karibu chochote. Huyo mgonjwa anaweza kuwa mmoja wa wale 16 au mmoja wa wale 36, na wote ni wa kijiji kimoja, wanateka maji mto mmoja. Zaidi ya hayo, baba na mama wakiwa kila mmoja ana nakala moja goigoi, kila mtoto wao ana nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mbili, na nafasi 1 kati ya 4 ya kutopata hata moja. Ndugu wa tumbo moja, wanaokula sufuria moja, wanaweza kutofautiana kuliko Mkenya wa kawaida na Mwingereza wa kawaida.

Sasa nifike kwa majirani zetu, maana nilipopata habari hii sikuamini. Mnaijua Webuye, mji wa kiwanda cha karatasi na maporomoko ya Nabuyole, upande wa Bungoma. Wanasayansi wa jeni duniani kote wanaijua pia. Katika mradi wa kimataifa wa kuchora ramani ya tofauti za jeni ulioitwa HapMap, matokeo ya awamu yake ya tatu yalichapishwa mwaka wa 2010 yakiwa na watu 1,184 wa makundi 11. Makundi mawili yalikuwa ya Kenya: Wamaasai wa Kinyawa na Waluhya wa Webuye. Baadaye ukaja mradi mkubwa zaidi wa jenomu 1,000, uliokamilisha matokeo yake mwaka wa 2015 kwa watu 2,504 wa makundi 26. Humo walikuwamo Waluhya 99 wa Webuye. Majina yao hayakuwekwa, ila kundi lao hutambulishwa kwa herufi tatu, LWK. Chembechembe zao zimehifadhiwa katika taasisi ya Coriell, mjini Camden, New Jersey, Marekani. Leo mtafiti akiwa Tokyo au London, akitaka kujua badiliko fulani la kimeng'enya linapatikana kiasi gani Afrika Mashariki, mara nyingi hutazama herufi hizo tatu.

Ni fahari, sikatai. Nilimwambia rafiki yangu wa Webuye kwamba huenda mjomba wake yumo ndani ya kompyuta za dunia nzima, akatembea kifua mbele siku tatu. Lakini hebu tujiulize. Katika makundi yale 26, ni 5 tu yaliyotoka ndani ya bara la Afrika lenyewe, na la Afrika Mashariki lilikuwa hilo moja. Watu 99 wa mji mmoja wanawezaje kumsemea Mjaluo, Mkalenjin, Mturkana, Msomali, na Mswahili wa Lamu? Hata jina Luhya ni mwavuli. Chini yake wamo Wabukusu, Wakabras, Watachoni, Wamaragoli, Wanyore na wengineo, na jina hilo la pamoja lilienea katika miaka ya 1930 na 1940, babu zetu walipotaka kuwa na sauti moja mbele ya serikali ya kikoloni. Lilizaliwa katika siasa, halikutoka maabara. Walioongoza mradi wa HapMap waliliona tatizo hili, wakawaomba watafiti waandike "Waluhya wa Webuye" pasipo kufupisha kuwa "Wakenya", sembuse "Waafrika". Wengi hufupisha vivyo hivyo.

Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi zaidi za jeni kuliko bara lolote, kwa kuwa binadamu ameishi hapa muda mrefu zaidi. Mwaka wa 2020 watafiti wa mpango wa H3Africa walichapisha matokeo ya kuchunguza watu 426 wa makundi 50 ya bara hili. Wakakuta mabadiliko zaidi ya milioni 3 ambayo hayakuwa yameandikwa popote kabla ya hapo. Milioni tatu! Katika watu 426 tu!

Tukitoka nje kidogo ya mipaka yetu tutapata kisa cha Waethiopia. Mwaka wa 1996 Eleni Aklillu na wenzake walionyesha kwamba takribani Waethiopia 29 kati ya 100 wana jeni ya CYP2D6 iliyojirudia. Kimeng'enya hiki hugeuza kodeini, dawa ya maumivu na kikohozi, kuwa mofini mwilini. Mwenye jeni zilizojirudia hupata mofini nyingi kwa ghafla, na kwa mtoto mdogo jambo hilo linaweza kuzima pumzi. Mwaka wa 2017 Marekani ilikataza kodeini kwa watoto walio chini ya miaka 12. Lakini Aklillu hakuishia hapo. Mwaka wa 2002 alichapisha ulinganisho wa Waethiopia walioishi kwao na Waethiopia walioishi Sweden. Wenye jeni za namna moja walitofautiana katika kasi ya kimeng'enya hicho, wale wa Sweden wakiwa wepesi zaidi. Damu ni ile ile, mazingira yamebadilika. Pengine ni chakula, pengine ni kitu kingine cha mazingira, lakini jeni peke yake haikumaliza maelezo.

Na kisa cha Nairobi kinatia huzuni zaidi. Zamani TB ilitibiwa hapa kwa isoniazidi pamoja na dawa nyingine iitwayo thiasetazoni, ambayo ilikuwa rahisi sana. Ilionekana kwamba watu wa Afrika Mashariki wanaivumilia vizuri kuliko watu wa baadhi ya nchi za Asia, na ungeweza kudhani ni zawadi tuliyozaliwa nayo. Kisha UKIMWI ukaingia. Mwaka wa 1991 yalichapishwa matokeo kutoka Nairobi: kati ya wagonjwa wa TB waliotumia thiasetazoni, waliokuwa na virusi vya UKIMWI walipatwa na madhara ya ngozi kwa kiasi cha 20 katika 100, na wasiokuwa navyo 1 katika 100. Wengine ngozi ilibambuka, wakafa. Ni mji ule ule, na makabila ni yale yale. Kilichobadilika ni afya ya mgonjwa, na mtu aliyeshikilia kwamba "sisi watu wa huku tunaiweza dawa hii" angeendelea kuwamezesha sumu.

Nimewawekea akiba malaria, maana ndiyo iliyoanzisha ubishi bwenini. Hapa kimeng'enya kinachohusika ni G6PD, nacho hakivunji dawa. Hukaa ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzilinda zisiunguzwe na kemikali kali. Watu takribani milioni 400 duniani wanacho kwa upungufu, wengi wao katika nchi zenye malaria, na inaaminika upungufu huo ulienea kwa sababu humpa mtu kinga kiasi fulani dhidi ya malaria kali. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya X, kwa hiyo mvulana, ambaye ana X moja, akirithi nakala mbovu hana ya akiba. Wasichana, hapo mmetuzidi.

Mwaka wa 2003 ilipata kibali dawa ya malaria iitwayo Lapdap, iliyotengenezwa kwa ajili ya Afrika hasa. Ndani yake mlikuwa na dapsoni, dawa inayotumika pia kwa ukoma. Katika majaribio yaliyofuata, watoto wenye upungufu wa G6PD walionekana damu yao ikipungua vibaya, kwa kuwa chembe nyekundu zilikuwa zikipasuka. Februari 2008 kampuni ikaiondoa sokoni. Basi hata dawa iliyokusudiwa sisi ilikuwa hatari kwa baadhi yetu, na hao baadhi walikuwamo katika kila kabila la nchi ya malaria, Mkabras kwa Mtachoni. Artemetha na lumefantrini, dawa ambayo Kenya iliianza kusambaza hospitalini mwaka wa 2006, haina kisa hicho cha G6PD. Kwa zile zenye kisa hicho, kama primakwini, kuna kipimo cha damu kinachoonyesha kama mtu ana upungufu. Huchukuliwa tone kidoleni, na jibu hutoka papo hapo kabla mgonjwa hajaondoka.